Barabara ya Dékoa: kisa cha waandishi watatu waliouawa wakiifuatilia Wagner

Usiku wa tarehe 30 Julai 2018, kama kilomita 23 kaskazini mwa mji wa Sibut, Jamhuri ya Afrika ya Kati, gari moja lilivamiwa barabarani, abiria wake watatu wakapigwa risasi wakafa, dereva akatoka mzima. Marehemu wote walikuwa Warusi. Orkhan Dzhemal, miaka 51, mwandishi wa vita mkongwe ambaye mwaka 2011 alijeruhiwa vibaya mguu akiripoti vita ya Libya. Alexander Rastorguev, miaka 47, mtengenezaji wa dokumentari mwenye jina kubwa kwao. Na Kirill Radchenko, 33, mpiga picha. Walikuwa wameingia nchini siku mbili tu nyuma, kazi iliyowapeleka ni kutengeneza dokumentari kuhusu Wagner, lile kundi la mamluki wa Kirusi ambalo kipindi hicho watu wengi hata jina walikuwa hawajalisikia.

Nataka tukipitie hiki kisa hatua kwa hatua, maana kuna kitu kinanikera kila mwandishi akiuawa kwenye nchi yenye vita, watu wanasema "si alijua anakoenda", basi, kesi imeisha. Mwandishi wa uchunguzi akiuawa kwenye mji tulivu, swali la kwanza ni nani kamuua na alikuwa anachunguza nini. Akiuawa sehemu yenye vurugu, vurugu zenyewe zinabebeshwa kesi: waasi, majambazi, watu wasiojulikana, chagua unachotaka. Kwa mtu anayetaka mwandishi anyamaze hakuna mazingira mazuri kama hayo, hahitaji hata kuficha kitu, mahali penyewe panamfichia.

Sasa tuanze na nchi ilivyokuwa. Machi 2013 waasi wa Séléka waliingia mji mkuu Bangui, rais François Bozizé akakimbia, wakaibuka wanamgambo wa anti-balaka kulipiza kisasi, raia wakauana kwa dini na kwa kabila, nchi ikachanika vipande. Mwisho wa mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo vya silaha. Faustin-Archange Touadéra akachaguliwa kuwa rais 2016 lakini serikali yake ilikuwa na nguvu Bangui na maeneo machache tu, kwingine huko wenye bunduki ndio walikuwa wanakusanya ushuru, wanalinda migodi na kuamua nani apite nani asipite. Oktoba 2017 Touadéra akaenda Sochi, Urusi, kuonana na waziri wa mambo ya nje Sergei Lavrov, Desemba Urusi ikapata ruhusa ya Umoja wa Mataifa kupeleka silaha Bangui licha ya vikwazo, na mwanzoni mwa 2018 silaha zikashuka pamoja na wakufunzi. Wizara ya mambo ya nje ya Urusi yenyewe ilisema ni wanajeshi 5 na raia 170. Raia 170 wanaofundisha jeshi kulenga shabaha, ebu fikiria. Muda huohuo kampuni inayoitwa Lobaye Invest ikaanza kupata leseni za kutafuta dhahabu na almasi, na Mrusi mmoja, Valery Zakharov, akawa mshauri wa usalama wa taifa wa rais Touadéra.

Kampuni hiyo ilihusishwa na Yevgeny Prigozhin, na baadaye, 2020, Marekani ikaiwekea vikwazo kwa sababu hiyohiyo. Ila 2018 Prigozhin alikuwa anakana kila kitu. Wagner haijui, mamluki hawajui, yeye ni mfanyabiashara wa vyakula tu. Alikuja kukiri kwa mdomo wake Septemba 2022 kwamba ndiye aliyeianzisha. Hii inabidi uishike vizuri ili uelewe hawa watu walikuwa wanacheza na nini: walikwenda kupiga picha kitu ambacho rasmi hakipo. Picha moja ya wazi ya kambi au ya mgodi unaolindwa na Warusi ingetosha kuharibu uongo wa watu wakubwa wa nchi mbili.

Alafu waliowatuma nao si watu wasio na historia. Safari iliandaliwa na TsUR, kituo cha habari za uchunguzi kilichokuwa kinapata pesa kwa Mikhail Khodorkovsky, yule tajiri wa mafuta aliyekaa gerezani Urusi miaka 10 na baada ya kutoka akawa mpinzani wa wazi wa Putin. Kwahiyo kabla hata ndege haijaruka, kwa upande wa pili hawa hawakuwa waandishi wa kawaida, walikuwa watu wa Khodorkovsky. Sisemi wasingekwenda. Nasema hatari ilishaanza kuhesabika wakiwa bado Moscow, na wengi wanaochambua kisa hiki wanaanzia Sibut, wanakuwa wamechelewa.

Tuje kwenye viza. Waliingia kwa viza ya utalii, bila kibali cha uandishi. Wizara ya mambo ya nje ya Urusi ililisema hili haraka sana baada ya mauaji, na kwa namna ya kuonyesha kwamba wamejitakia wenyewe. Mimi hapa sitaki kuwahukumu haraka. Kibali unaombea wapi? Kwenye wizara ya serikali ambayo mshauri wake wa usalama ni Mrusi. Ukijaza fomu ukaandika tunakuja kuchunguza Wagner, umewapelekea unaowachunguza majina yako, hoteli yako na tarehe zako. Usipojaza, ukikwama barabarani huna karatasi, huwezi kukimbilia polisi, na ukifa watasema alikuwa mtalii tapeli. Hilo ndilo shimo ambalo waandishi wa uchunguzi wanawekwa kila siku, pande zote mbili kuna moto, na anayekuja kuwalaumu baadaye huwa anataja upande mmoja tu.

Ila kuna kitu kimoja ambacho viza ya utalii haiwezi kufanya, nacho ni kukuficha ukishafika mlangoni kwa watu. Tarehe 29 Julai walikwenda Berengo. Berengo ni kama kilomita 60 kusini magharibi mwa Bangui, zamani ilikuwa kasri ya Jean-Bédel Bokassa, yule aliyejivika taji la ufalme mwaka 1977, na amezikwa hukohuko. Mwaka 2018 ilikuwa kambi ya wakufunzi wa Kirusi. Getini wakazuiwa, wakaambiwa walete kibali cha wizara ya ulinzi, wakageuza. Ukisoma haraka unaona ni tukio dogo, wamekataliwa wameondoka, mbona kawaida. Kwa maoni yangu ndiyo hatua iliyokuwa nzito kuliko zote. Wazungu watatu wanaoongea Kirusi wanatokea kwenye geti la kambi ya siri na kamera, halafu kesho yake wanaanza safari ndefu kwenda bara, kupitia barabara ileile ambayo kila mtu anaijua. Kuanzia pale getini safari haikuwa ya siri tena, hata kama wao waliendelea kuipanga kama ya siri.

Twende kwa mtu aliyeitwa Martin, maana kisa chote kinazunguka hapa. Kwenye nchi usiyoijua, ambayo watu wanaongea Kisango na Kifaransa, unahitaji mwenyeji, waandishi wenyewe wanamwita fiksa. Huyo ndiye anatafuta gari, anajua kizuizi kipi kina askari wa serikali na kipi kina waasi, anajua leo barabara inapitika au haipitiki, anajua chifu gani wa kumsalimia kwanza. Ukweli ni kwamba fiksa anabeba uhai wako mfukoni. Sasa fiksa wa hawa jamaa aliitwa Martin, ikasemekana ni mtu wa Umoja wa Mataifa na angewapokea kwenye mji wa Bambari. Mawasiliano yalikuwa ya meseji. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona, na mpaka leo hajatokea mtu hadharani akasema ndiye mimi. Dereva wa gari walilopanda alipatikana kupitia huyohuyo Martin.

Na Martin alipatikana wapi? Hapa ndipo nywele zinasimama. Namba yake waliipata kwa Kirill Romanovsky, mwandishi wa vita wa shirika la habari la FAN. FAN ni chombo kilichokuwa kwenye himaya ya habari ya Prigozhin. Yaani watu wanaokwenda kumchunguza Prigozhin wamepewa mwenyeji na mtu anayefanya kazi kwenye chombo cha Prigozhin. Najua mtu atasema huo ni uzembe, lakini ukiwa ndani ya fani unaelewa inavyotokea. Waandishi wa vita ni kijiji kidogo, wamelala kwenye mahandaki mamoja, leo wanaandika pande tofauti kesho wanakunywa pamoja, na ile imani ya "huyu jamaa tumekutana sehemu mbaya, hawezi kuniuza" ina nguvu kuliko cheki yoyote ya ofisini. Mahali pa kuikagua hiyo imani palikuwepo. Martin amesemwa ni wa Umoja wa Mataifa, MINUSCA, yaani kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani nchini humo, wana ofisi Bangui, wana kitengo cha habari, mtu anapiga simu anauliza mnaye mtu wa jina hili Bambari au hamna. Jibu la hapana lingetosha kusimamisha safari nzima.

Basi tarehe 30 wakaondoka Bangui. Lengo lilikuwa Bambari na baada ya hapo Ndassima, mgodi mkubwa wa dhahabu. Huo mgodi una hadithi yake peke yake, leseni ilikuwa ya kampuni ya Kanada iitwayo Axmin, ikafutwa 2019, na baadaye dhahabu ya hapo ikaishia kwenye kampuni zilizohusishwa na Wagner, Marekani ikaiwekea vikwazo Midas Ressources mwaka 2023 kwa ajili ya Ndassima hiyohiyo. Kwahiyo pua zao zilikuwa zinanusa sehemu sahihi kabisa, miaka 5 kabla ya karatasi rasmi kuandikwa.

Barabara iko hivi. Kutoka Bangui unapanda kaskazini kupitia Damara mpaka Sibut, kama kilomita 185. Sibut ndiyo njia panda. Ukienda Bambari unakata mashariki kupitia Grimari, bado una kama kilomita 200 hivi mbele yako. Ukiendelea kaskazini unakwenda Dékoa na kisha Kaga-Bandoro. Walifika kizuizi cha Sibut giza likiwa limeingia, kwenye saa moja usiku. Askari wa pale walisema baadaye kwamba waliwaonya wasiendelee usiku. Gari likaendelea. Na halikukata kwenda Bambari, lilishika njia ya Dékoa.

Kwanini? Hilo swali ndilo lililobaki juu ya meza toka 2018. Kila anayeijua nchi ile atakwambia mambo mawili, kwamba usiku hakuna anayesafiri kwa hiari nje ya mji, na kwamba Dékoa sio njia ya kwenda Bambari. Abiria wangeweza kutojua njia panda ipo wapi gizani, ni wageni, hakuna taa hakuna vibao. Dereva ndiye anayejua barabara. Mwandishi akikaa kiti cha nyuma kwenye nchi ambayo lugha haijui na barabara haijui, amekabidhi kila kitu kwa mtu aliyeshika usukani, na huyo mtu kwenye kisa hiki hawakumchagua wao.

Asubuhi ya tarehe 31 habari zikaanza kusambaa kwamba kuna miili mitatu ya wazungu barabarani. Meya wa Sibut akawaambia waandishi maelezo ya dereva, kwamba watu wenye silaha walitoka porini wakafyatua risasi. Serikali ya Bangui ikasema watekaji walikuwa kama 9, wamevaa vilemba, hawaongei Kifaransa wala Kisango, wanaongea Kiarabu. Unaona hiyo picha ilivyotengenezwa vizuri? Kilemba na Kiarabu. Kwenye nchi ile, ambayo Séléka wengi walitokea kaskazini kwenye mpaka wa Chad na Sudan, maneno hayo mawili tu yanamaliza maswali yote, kila msikilizaji ameshajaza sura ya muuaji kichwani mwake. Kamati ya uchunguzi ya Urusi nayo ikaja na toleo lake, wizi wa kutumia silaha. Walikuwa na kamera na pesa taslimu, wameingia eneo baya usiku, wameibiwa wameuawa, mwisho.

Nikiri hili toleo sio la kijinga. Ujambazi barabarani ni kitu cha kweli kabisa pale, wafanyabiashara, madereva wa malori, wafanyakazi wa misaada, wote wanakumbana nao. Ndio maana linauzika. Uongo mzuri ni ule ambao ungeweza kuwa kweli siku nyingine yoyote, kwa mtu mwingine yeyote.

Lakini lina mapengo. Januari 2019 kituo cha Dossier, ambacho nacho ni cha Khodorkovsky (nalisema hilo wazi ili msomaji apime mwenyewe), kilitoa uchunguzi wake uliotegemea sana rekodi za simu. Walichokuta ni kwamba dereva alikuwa anawasiliana mara kwa mara, siku zote za safari, na askari mmoja wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi wa nchi hiyo. Askari huyo naye simu yake ilikuwa inawasiliana na mkufunzi wa Kirusi anayehusishwa na watu wa Prigozhin. Na mashahidi wa kizuizi cha Sibut wakazungumzia gari jingine lililopita njia hiyohiyo ya Dékoa kabla ya lile la waandishi, ndani yake kukiwa na wazungu watatu, na baadaye likarudi. Dossier wakaonyesha pia kwamba wanaoitwa majambazi waliacha vitu ambavyo jambazi wa pale asingeviacha, ikiwemo mafuta ya gari, na mafuta kule ni mali. Hitimisho lao likawa kwamba mauaji yalikuwa ya kupangwa, na kwamba waandishi walifuatiliwa tangu mwanzo wa safari.

Urusi ikakataa, Prigozhin akakataa, Bangui haikuonyesha hamu. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kwahiyo kwa haki, nani alitoa amri halijathibitishwa mbele ya hakimu, na mimi sitalisema kama limethibitishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba hii ni kesi ambayo ushahidi wake unaweza kufuatwa. Rekodi za simu zipo, kizuizi kipo, askari wa kizuizi wapo, dereva alihojiwa, majina ya watu wa upande wa pili yalishachapishwa. Kesi ya jambazi asiyejulikana aliyepotelea porini haina vitu kama hivyo. Mtu anayesema "ni eneo la vita hatuwezi kujua" juu ya kesi yenye rekodi za simu, huyo hataki kujua.

Halafu kuna jambo jingine ambalo lazima niliweke hapa, hata kama linaharibu mtiririko kidogo. Dunia iliwajua hawa watatu ndani ya saa chache kwa sababu ni wageni na Urusi ni taifa kubwa. Waandishi wa kule kwenyewe wamekufa na dunia haikugeuza shingo. Élisabeth Blanche Olofio alikuwa mtangazaji wa Radio Be Oko, hapohapo Bambari ambako kina Dzhemal walikuwa wanaelekea. Mwaka 2013 Séléka walimvamia na kumjeruhi vibaya, akafariki 2014. Mwaka huohuo 2014 Bangui, Désiré Sayenga wa gazeti la Le Démocrate na René Padou wa redio ya kanisa waliuawa kwenye vurugu za mtaani. Hawa hawakuwa na ndege ya kurudi, hawakuwa na ofisi Moscow ya kutoa tamko, na siku moja kabla ya kufa walikuwa wanatembea mtaani kwao ambapo kila mtu anajua wanapolala. Mgeni anaweza kudanganya kwamba yeye ni mtalii. Mtangazaji wa redio ya mji mdogo hawezi kudanganya kitu, hata sauti yake watu wanaijua. Na yule Mfaransa mpiga picha, Camille Lepage, aliuawa Mei 2014 upande wa Bouar akiwa amesafiri na anti-balaka. Kifo chake kilikuwa cha aina nyingine, alikuwa na kundi la wapiganaji likavamiwa. Wa Sibut hawakuwa wameambatana na kundi lolote la wapiganaji, mbele hakukuwa na mapigano, njia ilikuwa tupu.

Mwaka 2019 CNN walikwenda kufanya kazi ileile, timu ikiongozwa na Clarissa Ward. Tofauti ni kubwa. Walikuwa na chombo kikubwa nyuma yao, walijitokeza wazi, walifika mpaka kumhoji Zakharov mwenyewe. Pamoja na hayo yote walifuatwa na gari lenye Warusi wanne, na baada ya ripoti kutoka zikasambazwa habari za kuwachafua. Walirudi hai. Watu wanaitumia hiyo kama ushahidi kwamba kina Dzhemal wangefanya kwa uwazi wangepona, mimi naona ni nusu ya ukweli. Mwaka mmoja baada ya mauaji yaliyotangazwa dunia nzima, kuua timu ya televisheni ya Marekani ni gharama nyingine kabisa. Timu ndogo ya Warusi wenye pesa za mpinzani, ambao serikali yao wenyewe haiwataki, gharama yake ilikuwa ndogo. Ndivyo wanavyofikiri wanaopanga mambo haya, wanapiga hesabu ya kelele zitakazotokea.

Tukirudi kwenye maamuzi ya safari yenyewe, kama ningekuwa nakaa na timu inayotaka kwenda sehemu kama ile nisingeanza na vesti ya risasi. Vesti haizuii dereva kukata kona. Ningeuliza nani amekupa hiyo namba, na aliyekupa analipwa na nani. Fiksa awe ameshafanya kazi na watu wawili watatu unaoweza kuwapigia ukawauliza, na umwone uso kabla hujapanda gari. Dereva na fiksa wasitoke kwenye mnyororo mmoja, maana mmoja akiwa amenunuliwa mwingine angalau anaweza kushtuka. Ukishagonga geti la unaowachunguza wakakuona sura, siku inayofuata usiendelee na ratiba ya zamani, badilisha hoteli, badilisha gari, au kaa Bangui wiki nzima upige picha mto Ubangi mpaka wakuchoke. Awepo mtu mmoja nje ya nchi mwenye ratiba yako ya saa, mwenye ramani, ambaye gari likikata kaskazini badala ya mashariki anajua sasa hivi, kesho itakuwa ni kuchelewa. Na giza likiingia Sibut unalala Sibut, kwenye misheni, kwenye kituo cha MINUSCA, hata kwenye gari mbele ya kizuizi, Bambari haihami.

Rahisi kusema, najua. Pesa za safari huwa zinabana, mhariri anataka picha, tiketi ya kurudi ina tarehe, na Dzhemal alikuwa ameshapita vita kibao kwahiyo kila mtu aliona yule mzee akiwepo tuko salama. Uzoefu wa vita unakufundisha kusoma milio ya risasi na mahali pa kulala. Haukufundishi kumsoma mtu ambaye unamjua kwa meseji tu. Ndiyo maana wakongwe wanakufa kwenye safari za aina hii kama wachanga.

UNESCO wanasema kwenye mauaji ya waandishi tangu 2006, karibu asilimia 85 hayajapata ufumbuzi wa kisheria. Kila tarehe 2 Novemba kuna siku ya kimataifa ya kupinga hilo, na tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya Ghislaine Dupont na Claude Verlon wa redio ya Ufaransa RFI, waliotekwa na kuuawa Kidal, Mali, 2 Novemba 2013. Nao wako kwenye fungu hilohilo la nchi ambazo kesi inaanza kupoa siku ya mazishi.

Faili la Sibut nalo linazidi kupoteza watu. Khodorkovsky alitangaza kuacha kuifadhili TsUR mwezi uliofuata baada ya mauaji, Agosti 2018. Romanovsky, aliyetoa namba ya Martin, alifariki kwa saratani Januari 2023. Prigozhin alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, miezi miwili baada ya kuasi dhidi ya wakuu wa jeshi la Urusi, akaondoka na alichokuwa anakijua. Touadéra bado yuko madarakani. Waliobaki wenye majibu ni wa ngazi ya chini, dereva, askari wa jandarmeri, wale wa kizuizi, na mwenye simu iliyokuwa inajibu kwa jina la Martin. Hao ndio mwendesha mashtaka yeyote mwenye nia angeanza nao.